Nakala ya Tatu

Jiwe la kwanza lilimpata muuza nyama sikioni, na kabla hajajua limetoka wapi, la pili likamvunja pua. Alianguka kwa magoti mbele ya bucha lake. Aproni yake ilikuwa na damu ya ng'ombe tangu alfajiri. Sasa yake mwenyewe ikachuruzika juu yake, na mtu asingeweza kusema ipi ni ipi.

"Muuaji! Amemuua Mzee Picha!"

Mmoja alimkanyaga mbavuni. Mwingine akamkanyaga palepale, kana kwamba wa kwanza hakufanya kazi yake sawasawa. Mlio wa mfupa ulisikika hadi ng'ambo ya barabara. Nyuma ya kundi, jamaa mmoja alikuwa akiburuta tairi kuukuu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa tairi lile lilikuwa linaletwa kufanya nini.

Inspekta alishuka garini kabla gari halijasimama vizuri. Watu wa kituoni walimwita Koleo, kwa sababu alichokibana hakukiachia. Mama yake mzazi alimpa jina jingine, zuri tu, lakini hata mumewe alikuwa ameshalisahau. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo. Alichomoa bastola, akapiga risasi moja hewani.

Kundi likanywea kama maziwa yaliyotolewa jikoni.

"Tairi hili la nani?" aliuliza.

Jamaa aliyeliburuta akajipenyeza nyuma ya wenzake.

"Basi halina mwenyewe. Sajini, litie garini. Na wewe mwenye tofali, liweke chini taratibu, kama unayeweka yai."

Sajini, jibaba refu lililozoea kuinama milangoni, alilitia tairi garini kisha akamwinua muuza nyama kwa makwapa. Jicho moja la mtu yule lilikuwa limeziba kabisa. Alipofungua mdomo, jino lilitoka kabla ya neno.

"Sikumuua, Afande. Nilimtukana, sikatai. Nilimwambia nitamchinja. Lakini hayo mimi nawaambia watu wote."

"Ulimwambia kwa nini?"

"Alininyima picha za mwanangu," alisema, akazimia mikononi mwa Sajini.

Koleo aliagiza apelekwe hospitali chini ya ulinzi wa askari wawili. Yeye na Sajini wakaingia uchochoro wa pili, hadi nyumba ya marehemu.

Mzee Picha, mpiga picha wa mtaa, alikuwa amelala chali katika chumba chake cha kazi, miguu mlangoni, kichwa chini ya meza. Upande wa kushoto wa fuvu ulikuwa umebonyea. Kando yake ilitupwa stendi ya kamera ya chuma, ile ya miguu mitatu, mguu mmoja umepinda na umeshika nywele nyeupe. Aliyempiga hakupiga mara moja akashtuka. Alipiga, akapiga tena mtu akiwa ameshaanguka, kwa maana damu ilikuwa imetapakaa chini sana ukutani, kwa urefu wa goti. Juu ya meza kioo cha kompyuta kilikuwa kimevunjwavunjwa, na vipande vyake vilikuwa hadi kwenye shati la maiti.

"Hasira hizo, Afande," Sajini alisema. "Mtu wa kisu, akikosa kisu, hushika chochote."

"Mtu wa kisu hakosi kisu. Yule ana visu kiunoni hata anapokwenda msalani." Koleo alichuchumaa. "Mtazame ndevu."

Shavu la kulia la marehemu lilikuwa limenyolewa, laini kama kikombe. La kushoto lilikuwa na ndevu zake zote.

"Alikuwa kwa kinyozi," Sajini alisema.

"Akatoka katikati ya kazi. Nenda kamuulize kinyozi kwa nini. Lakini ngoja kwanza."

Macho yake yalikuwa yamefika dirishani. Pale kwenye kizingiti, skrubu nne ndogo zilikuwa zimesimamishwa kwa vichwa vyao, mstari ulionyooka kama askari wa gwaride. Koleo alishuka tena chini ya meza, lilipokuwa sanduku la kompyuta. Kwa mbali lilionekana zima, limefungwa. Alipoligusa kwa kalamu, kifuniko cha ubavuni kikalegea. Ndani, nyaya zilikuwa zimekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni, na mahali pa diski palikuwa patupu.

"Sajini, mtu mwenye hasira hufungua skrubu?"

"Labda kwa meno."

"Na huyu alizipanga zisipotee. Sasa tazama matundu yake." Damu iliyorukia kifuniko ilikuwa imeteremka na kuingia ndani ya matundu manne ya skrubu, ikagandia humo. "Skrubu zingekuwapo, damu isingeingia. Na zenyewe kule dirishani hazina hata tone. Kwa hiyo sanduku lilifunguliwa mzee akiwa hai."

Sajini alikuna kidevu. "Mtu alikuja kuiba diski. Alijua mzee yuko kwa kinyozi."

"Mzee akarudi kabla ya wakati, nusu ndevu. Akamkuta. Kioo kimevunjwa baadaye ili tuone wazimu badala ya wizi." Alinyanyuka, akatazama juu ya meza. Katika vumbi palikuwa na umbo safi la pembe nne, ukubwa wa kitabu kidogo cha sala, na waya mfupi ambao haukuwa umechomekwa popote. "Hapa palikaa diski nyingine ya nje, ya kuhifadhia nakala. Nayo imekwenda. Mlango umevunjwa?"

"Hapana. Wala dirisha."

"Rudisha kifuniko kama kilivyokuwa. Usimwambie mtu yeyote tulichokiona ndani. Nenda kwa kinyozi."

Sebuleni binti wa marehemu alikuwa ameketi kwenye kochi na sare yake ya uuguzi, viatu vyeupe vimeingia matope. Alikuwa ameitwa kutoka wodini. Mumewe, fundi simu mwenye duka barabara kuu, alikuwa amemkumbatia mabegani. Alikuwa kijana nadhifu, kucha zimekatwa, shati limepigwa pasi, na macho mekundu kwa kulia.

"Poleni sana," Koleo alisema, akavuta kigoda na kuketi karibu nao kuliko ilivyo desturi. "Nani alimkuta?"

"Mimi, Afande," mkwe alijibu. "Nilipita kumjulia hali mzee kabla ya kufungua duka. Nikamkuta vile. Nikatoka nje napiga kelele kama mwendawazimu."

"Ukamtaja muuza nyama?"

"Mtaa mzima ulimsikia jana akimtishia. Mimi nililia tu. Watu walijiongeza wenyewe."

"Watu hujiongeza wakipewa pa kuanzia." Akamgeukia binti. "Mwanangu, ugomvi wa baba yako na muuza nyama ulitoka wapi?"

Muuguzi alifuta pua kwa kiganja. "Kwenye picha. Miaka minne iliyopita mtoto wake aligongwa na gari nje ya ukumbi wa harusi. Dereva alikimbia, hakupatikana mpaka leo. Siku hiyo baba ndiye aliyekuwa akipiga picha za harusi ile. Polisi walimuuliza kama aliona, akasema hakuona. Alikuwa anatazama bibi harusi. Ni kweli, baba akishika kamera hata nyumba iungue hajui."

"Na sasa?"

"Sasa kompyuta yake ya zamani ilikufa. Tulimnunulia mpya. Akaanza kuhamisha picha zake zote kutoka kwenye CD za zamani, moja baada ya nyingine. Anasema picha isiyo na nakala ni sawa na picha isiyopigwa. Muuza nyama akasikia, akaja kwa heshima kabisa, akamwomba baba akifika siku ile atazame vizuri, huenda gari limeingia kwa nyuma. Baba akakubali. Halafu akaanza kumkwepa. Mara anaumwa, mara picha za siku ile hazionekani." Alitikisa kichwa. "Baba hajawahi kupoteza picha, Afande. Alikuwa na picha yangu ninapoota jino la kwanza na ya siku lilipong'oka."

"Kompyuta hiyo mpya nani aliifunga?"

"Mume wangu. Alimfundisha na namna ya kunakili kwenye diski ya nje."

"Mzee alikuwa mwepesi wa kufundishika," mkwe alisema, akitabasamu kwa huzuni.

Binti alianza kulia upya, safari hii kwa sauti. "Na picha za mama! Za mama zote zilikuwa humo. Afande, kompyuta ile haiwezi kutengenezwa? Kioo tu ndicho kimevunjika, si ndiyo?"

Mumewe alimvuta kifuani, akambembeleza kama mtoto. "Zimekwenda, mke wangu. Usijitese. Yule mnyama amechukua ya nje, amechukua na ya ndani. Tumshukuru Mungu kwa uhai wetu."

Koleo hakuinua macho. Aliendelea kusafisha miwani yake kwa upindo wa shati.

"Si zote," muuguzi alisema, uso ukiwa bado kifuani mwa mumewe.

Mkono uliokuwa ukimpapasa mgongo ulisimama.

"Kuna ya tatu. Juzi baba alinipa diski imefungwa ndani ya soksi. Akasema ikae mbali na nyumba, moto hauna adabu. Nikaiweka kazini, kwenye kabati langu. Akaniambia nisimsumbue mtu na habari zake. Nikajua ni uzee tu."

"Kabati lina kufuli?" Koleo aliuliza.

"Lina. Ufunguo uko hapa kwenye pochi."

"Nipe, nitakwenda mara moja kuifuata," mkwe alisema, na tayari alikuwa amesimama. "Wewe pumzika. Nina pikipiki hapo nje."

"Keti kwanza, kijana," Koleo alisema kwa upole. "Nina swali dogo. Umejuaje kuwa ya ndani imechukuliwa?"

"Si nimeiona kompyuta?"

"Umeona kioo kimevunjika. Mkeo pia ameona kioo. Mimi nimeona kioo. Sanduku limefungwa, na ndani yake tumetazama watu wawili tu, mimi na sajini wangu. Wewe ni wa tatu. Ulitazama lini?"

Muuguzi aliinua uso taratibu, akamtazama mumewe kama anayesoma kipimajoto asichokiamini.

Mume alichomoa bisibisi kutoka mfuko wa shati, nyembamba, ya kufungulia simu, akamzungusha mkewe mbele yake kwa nguvu hata kochi likasogea. Ncha ya chuma ilizama kidogo chini ya taya lake. Tone la damu likateremka hadi kwenye kola nyeupe.

Bastola ya Koleo ilikuwa mkononi, lakini mbele yake hapakuwa na mtu wa kumpiga ila muuguzi.

"Iweke chini bastola," mume alisema.

"Haiendi popote. Hata wewe huendi," Koleo alijibu.

"Pochi," mume alimwambia mkewe, akimsukuma kwa goti kuelekea mlangoni. "Okota pochi! Unataka nikutoboe?"

Muuguzi hakuokota. Sauti yake ilitoka kavu, karibu ya udadisi. "Ulikuja studio wiki ile ile mtoto alipokufa. Ulisema unatafuta picha za harusi ya rafiki yako. Ukarudi kesho yake, na kesho yake. Baba akacheka, akasema huyu hatafuti picha, anakutafuta wewe." Alimeza mate, na ncha ikachimba zaidi. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nyamaza! Nilimwambia mzee azifute. Picha tatu tu! Nikampigia magoti. Akaniambia nijipeleke mwenyewe polisi kabla hajaongea nawe. Mimi, mkwe wake! Kwa mtoto wa mchinja ng'ombe!"

Alitaka kusema zaidi, lakini mkono wake ulikuwa umeteleza kidogo kwa jasho, na muuguzi akainamisha kichwa na kuuuma. Hakuuma kama mwanamke anayejitetea. Aliuma kama mtu anayekata uzi mgumu, mpaka meno yakakutana na mfupa. Mume alipiga ukelele, akainua bisibisi kumshindilia shingoni. Koleo alikuwa ameshafika. Aliukinga mkono ule kwa kiganja chake cha kushoto, na chuma kikaingia kiganjani, kikatokea upande wa pili.

Mtu yeyote angefungua mkono. Yeye aliufunga. Alivikunja vidole juu ya ngumi ya yule kijana, bisibisi ikiwa katikati kama mshikaki, akambana pale pale, na kwa mkono wa kulia akamshindilia kitako cha bastola mdomoni. Mara ya kwanza meno mawili yalidondoka sakafuni. Mara ya pili alipiga magoti. Bado aliendelea kupapatuka, akampiga Koleo teke la tumbo lililomkata pumzi, wakaanguka wote juu ya meza ndogo, ikavunjika chini yao. Alimkaba koo. Koleo aliona giza likianza pembeni mwa macho.

Halafu kitu kizito kikalia, kama nazi inayoanguka kwenye saruji, na vidole vikaachia. Muuguzi alikuwa amesimama juu yao na pasi ya umeme mkononi, waya unaning'inia. Aliinyanyua tena.

"Inatosha, mwanangu," Koleo alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Inatosha. Tunamtaka aongee."

Mikono ya muuguzi ilibaki juu. Ilichukua muda kushuka.

Sajini aliinama kuingia mlangoni, kinyozi akiwa nyuma yake na taulo begani. "Afande, ni kweli, umeme ulikatika mashine ikiwa shavuni, mzee akasema atarudi ukiwaka..." Akatazama meno sakafuni, pasi, na mkono wa mkubwa wake.

"Pingu," Koleo alisema. "Kisha nitolee huyu mdudu kiganjani."

"Usiichomoe," muuguzi alisema, akiwa ameshapiga magoti kando yake. "Hiyo itatolewa hospitali." Alichana kitambaa cha meza, akamfunga kiganja bisibisi ikiwa humohumo.

Mchana huo, baada ya daktari kumaliza na kiganja cha Koleo, walifungua kabati la chuma katika chumba cha wauguzi. Diski ilikuwa ndani ya soksi ya kijivu ya mzee. Koleo alikuwa na fundi wake wa kituoni, lakini muuguzi alikataa.

"Mimi ndiye niliyepewa," alisema. Akaichomeka mwenyewe kwenye kompyuta ndogo ya ofisi ya wodi.

Kila harusi ilikuwa na jalada lake. Walipofungua la siku ile, picha zilikuwa nyingi: bibi harusi, wajomba waliovimba mashati, mashangazi wakitazama pembeni. Marehemu alikuwa ameziacha zote kama zilivyo, hakufuta, hakuficha. Tatu tu alikuwa amezikuza.

Katika ya kwanza, nyuma ya bega la bwana harusi, gari jeupe lilikuwa linapinda kona, na mtoto alikuwa ukingoni mwa barabara. Katika ya pili gari limesimama, mlango wa dereva u wazi, na kijana nadhifu ameshika paa la gari anatazama chini, taa moja ya mbele imepasuka. Uso ulikuwa wazi kama wa picha ya pasipoti. Katika ya tatu gari limeshaondoka, na mama mmoja wa harusini ameanza kugeuza kichwa.

Muuguzi alirudi kwenye ile ya pili.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa anatafuta pa kuanzia," Koleo alisema. "Alimpa mumeo nafasi ya kuwa mwanaume. Kosa lake lilikuwa hilo tu."

Wodi ya wanaume ilikuwa ghorofa ya chini. Muuza nyama alikuwa amelala na bandeji kifuani, uso umevimba hata mkewe, aliyeketi kando yake, alimtambua kwa mikono. Koleo alimweleza kwa maneno machache: aliyemuua mzee amekamatwa, na ndiye huyohuyo wa gari. Muuza nyama alisikiliza bila kujigeuza. Koleo akamwambia picha zipo, na kwamba si lazima azitazame leo, wala kesho.

"Nionyesheni."

Muuguzi aliinua kompyuta ndogo mbele ya jicho lake lililobaki wazi, akampa ile ya kwanza tu. Mtu yule hakuuliza kuhusu gari. Hakulitazama hata. Alinyoosha kidole chake kinene, akagusa ukingo wa barabara.

"Anacheka," alisema. "Mama, njoo uone. Kumbe alikuwa anacheka."

Mkewe aliinama, akatazama, akajifunika uso kwa khanga.

Muuza nyama alirudisha kichwa kwenye mto. Alipumua kwa shida, kisha akamtazama muuguzi, bandeji yake mpya shingoni, kola yenye damu ambayo hakuwa amepata muda wa kuibadili.

"Mzee atazikwa lini?"

"Kesho."

"Nitakuja kubeba jeneza."

"Huwezi," muuguzi alisema. "Mbavu zako mbili upande wa kulia zimevunjika."

"Basi niwekeeni nafasi upande wa kushoto."